Kombe Lililokaa Kimya

Mlio ule nilipousikia mara ya kwanza nilidhani spika inaumwa.

Binti yangu alikuja nao kwenye kijichumba changu cha kazi, umo ndani ya kadi ndogo kama ukucha. Akaniambia, "Baba, nipigie hii kwenye spika nzuri kuliko zote ulizonazo." Nikamchagulia ile niliyoitoa kwenye redio kuukuu ya mbao, spika yenye kifua, nikachomeka. Ukatoka mkwaruzo. Tatata, psss, ta, tatata, kama mtu anamwaga mchele juu ya bati. Maneno hakuna, wimbo hakuna.

"Subiri," nikamwambia. "Kuna mahali panagusa vibaya."

Sisi mafundi redio tuna adui wawili tu, mkwaruzo na ukimya. Mengine yote ni ya mwenye redio. Basi nikazima, nikafungua, nikasugua plagi kwa pamba na spiriti, nikabadilisha waya, nikachomelea upya miguu ya kapasita ambazo hazikuwa na kosa lolote duniani. Binti yangu kakaa juu ya kreti, anatafuna karanga, ananiangalia. Ana tabia hiyo ya kazini kwao, kituo cha utafiti wa bahari: kumwangalia kiumbe anavyohangaika bila kumwingilia. Nikawasha. Tatata, psss, ta.

"Kadi yako mbovu," nikasema. "Wakubwa wenu wanawanunulia vifaa vya kutupwa, vizuri wanapeleka kwao."

"Kadi nzima, Baba. Ndiyo sauti yenyewe hiyo. Nimeirekodi chini ya maji, kwenye ghuba ya mnara."

Nikasogeza sikio. Nikapunguza, nikaongeza. Kweli, mkwaruzo wa waya una namna yake, unakuja na kukatika ukiutikisa. Huu haukujali nautikisa au siutikisi. Ulikuwa unaendelea na shughuli zake.

"Sasa huko chini," nikauliza, "kuna nani anakaanga?"

Neno likanitoka kabla sijaliangalia, na mkono wangu ukasimama juu ya kitufe. Kukaanga halikuwa neno langu. Lilikuwa la mama yake.

Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwokota chaza. Alikuwa akizama kwenye ghuba ya chini, nyuma ya nyumba zetu, anakaa huko mpaka unaanza kumhesabia pumzi, halafu anaibuka na kikapu, nywele zinachuruzika. Mara nyingi alinijia na habari moja: leo bahari inakaanga kwelikweli. Jana ilikuwa inakaanga polepole, leo mafuta yamepata moto. Mimi nilikuwa nikimwambia ana maji masikioni, alale ubavu yatoke. Mume fundi wa sauti, na yeye anamletea habari za sauti. Tulikuwa tunacheka wote wawili, na aliye na haki ya kucheka alikuwa mmoja.

"Mama alikuwa anasema hivyo hivyo," binti yangu akasema.

"Najua alichokuwa anasema. Nakuuliza ni nani."

"Ni kamba, lakini hawa ni wadogo, mmoja hafikii hata kidole chako. Ana mkono mmoja mkubwa kupita mwingine, kama mtu aliyevaa glavu moja. Akiufumba, anaufumba kwa kasi mpaka kinatokea kipovu ndani ya maji, na hicho kipovu kikipasuka ndiyo hiyo ta unayoisikia. Hapo wako maelfu kwa maelfu, wamejificha kwenye mawe na matumbawe."

"Anaufumba kwa nini?"

"Kuwinda. Na kumfukuza jirani anayeingia kwenye shimo lake."

"Kama wapangaji."

"Kama wapangaji hasa, Baba."

Siku hiyo kazi ya watu haikwenda. Nilimuuliza maswali kama mtoto aliyenunuliwa gari la betri. Wanalala? Jua likizama ndiyo wanazidi. Wanasikiana wao kwa wao? Hilo, akasema, tunalitafuta bado. Na huyu anayekoroma kule nyuma? Huyo samaki, anapiga kibofu chake kama ngoma. Nikashangaa kwamba kuna kitu binti yangu hajui na anakisema hivihivi bila aibu. Wakubwa ninaowajua mimi hawana neno hilo, sijui. Wao wana tutalifanyia kazi.

Hapo ndipo aliponieleza kilichomleta. Idara ya maji ilikuwa na mpango wa kutupa bomba la pili la maji taka baharini, na safari hii lielekee ghuba ya mnara. Kituo chao kilishaandika taarifa ndefu yenye michoro, ikapelekwa, ikapokelewa, ikakaa. Nani anasoma? Binti yangu akaona kwamba watu hawaendi chini ya maji na hawatakwenda, basi sauti ya chini ya maji iwafuate wao. Na mahali ambapo watu wa mji huu wanakaa muda mrefu bila la kufanya ni mahali pamoja tu: ukumbi wa kusubiri wa ofisi ya maji yenyewe, unapokwenda kulipia bili na kulalamika. Mama yake mdogo angefinyanga makombe makubwa ya udongo, yatundikwe ukutani usawa wa sikio la mtu aliyeketi, na ndani ya kila kombe kuwe na spika inayotoa sauti ya mahali fulani baharini.

"Na Mkurugenzi wa idara kakubali?"

"Kakubali. Anakuja kuzindua mwenyewe."

"Anadhani ni mapambo."

"Anadhani ni mapambo," akasema, na akacheka kicheko cha mama yake.

Nilikubali papo hapo kufunga hizo spika, na nisiseme uongo, sikukubali kwa ajili ya kamba. Nilitaka niwe ukumbini siku Mkurugenzi atakapoinamisha lile sikio lake. Maana huyu ndiye aliyeweka bomba la kwanza, ghuba ya chini. Chaza wakafunguka midomo wakafa, wakafuata kome, mke wangu akawa anakaa mlangoni na kikapu kitupu magotini. Nilikwenda ofisini kwake mara zisizo na idadi, nikaambiwa litafanyiwa kazi. Mke wangu alipofariki daktari aliandika moyo. Sawa, moyo. Mimi namjua aliyeujaza huo moyo. Watu walinieleza kwamba bomba haliui mtu kwa huzuni, nikawajibu wakaokote chaza halafu warudi tuongee. Tangu hapo nyumbani kwetu ghuba ya chini haitajwi. Akiitaja mtu, mimi naamka natoka nje, na chai yangu naiacha.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ana karakana ya kufinyanga, ua uliozungushiwa mabati na tanuru katikati. Ndiye mtu pekee aliyebaki duniani anayeweza kunitania nikakaa. Nilipofika na begi langu la vifaa alikuwa amezama mikono hadi viwiko kwenye udongo.

"Karibu, shemeji. Hicho kichwa chako leo kimekaa kama mtungi niliousahau juani."

"Na wewe umepakaa tope kama kuta za zamani."

"Tope langu linaliwa kwa macho. Wewe waya zako nani anaziangalia?"

Makombe yalikuwa yamepangwa juu ya mbao, mengine makubwa kama beseni la kufulia, yamejikunja, yana midomo. Alikuwa ameyafinyanga kwa kuangalia makombe madogo yaliyokuwa kwenye dirisha la jikoni kwetu, yale dada yake aliyokuwa akiyaleta. Mimi nilikuwa nayaona kila siku na sikuwahi kujua kwamba mojawapo lina mistari inayozunguka kushoto wakati mengine yote yanazunguka kulia. Shemeji alikuwa amelijua, na udongo wake ulizunguka kushoto vilevile.

Yeye na binti yangu hawakuacha kubishana kazi ilipokuwa inaendelea. Shemeji alitaka chini ya ile milio kuwe na zumari kidogo, ya mbali.

"Tukitia zumari itakuwa harusi, mama mdogo. Itakuwa si bahari."

"Mwanangu, mtu hasogezi sikio lake kwenye kitu kikavu."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe mfanye asogee. Akishasogea, asikie kile kile nilichosikia mimi, hakijaongezwa chumvi hata punje."

Shemeji akafikiri, akapangusa mikono. "Basi nje yangu, ndani yako."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe waya, shemeji. Nani alikwambia una maoni?"

Tukaelewana hivyo. Kila kombe nilifungia spika nyuma na sponji kuzuia mtikisiko, na kila moja nikaliwekea kisanduku chake cha kupigia, kusudi kikifa kimoja vingine viendelee. Nilijifunza kwamba koo la kombe linabadilisha sauti, jembamba linaifanya kali, pana linaifanya ya mbali, nikawa namwambia shemeji apanue hapa, abane pale, naye akawa anatii huku ananitukana.

Moja lilikuwa kubwa kupita yote. Nje jeusi, ndani alilipaka rangi nyeupe yenye mng'aro, ile hasa ya ndani ya chaza, ukilisogelea unajiona uso wako umepinda. Nikauliza ndani yake inakwenda sauti ipi. Shemeji na binti yangu wakatazamana.

"Utasikia," binti yangu akasema.

"Siku yenyewe," shemeji akaongezea, na akageukia tanuru lake.

Nikajua wameniwekea zawadi. Nikajua ndilo kombe lenye sauti nzuri kuliko zote, na sikuuliza tena.

Siku ya uzinduzi nilifika ukumbini mapema, mlinzi ndiyo kwanza anafungua. Makombe yamekaa ukutani juu ya mabenchi, chini ya kila moja kibao cha jina kimefunikwa kitambaa mpaka mgeni aje. Binti yangu alikuwa ameshaweka kadi zake jana yake, na sasa alikuwa njiani kumfuata bosi wake, simu haipatikani. Shemeji alikuwa nyumbani anajikwatua kucha, udongo wa maisha mazima.

Nikapita kombe kwa kombe. La kwanza, tatata, safi. La pili, yule mkoromaji. La tatu, mvua inavyosikika ukiwa chini ya maji, hiyo ilinisimamisha muda. Nikafika kwenye lile kubwa lenye ndani nyeupe, nikainama, nikajiona nimepinda, nikasikiliza.

Kimya.

Kimya chenye pumzi, ile hewa inayotoka kwenye spika iliyowashwa bila kupewa cha kusema. Kila fundi anaijua. Nikagusa spika kwa betri, ikalia tak, nzima. Nikazungusha kitufe hadi mwisho, pumzi ikawa kubwa zaidi, basi. Nikahamia kwenye kisanduku, kinawaka taa. Kwa hiyo kadi. Kadi imekufa, na ndiyo ya lile kombe kubwa, lile ambalo kila mtu atalikimbilia kwanza, na Mkurugenzi yuko njiani na manukato yake. Nikamwona akiinamisha sikio, asisikie kitu, acheke, aseme hawa watu hata spika zinawashinda. Damu ikanipanda.

Nilifanya kile fundi yeyote angefanya. Nilivuta waya kutoka kisanduku cha kombe la kwanza, nikaupitisha nyuma ya benchi, nikauficha kwenye ufa wa ukuta, nikauchomelea kwenye spika ya lile kubwa. Tatata, psss, tatata. Na kwenye koo lile pana sauti ilikuwa nzuri ajabu, kama vile umesimama mlangoni mwa jiko la watu wengi. Nikafuta mikono, nikakaa benchini. Nilijisikia mtu.

Watu wa foleni wakaanza kuingia na namba zao mikononi. Mwanzoni walikaa mbali na makombe, wanayakodolea. Jamaa mmoja mwenye fulana ya mpira akasema mwaka huu kombe limekuja bila timu, wenzake wakacheka, akasogeza sikio kwa mzaha, na mzaha ukamwishia usoni. Akamwita mwenzake kwa mkono bila kuondoa sikio. Ndani ya muda mfupi hakuna aliyekuwa anaangalia dirisha la malipo. Mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni aliligeuza sikio la mtoto kwanza, ndipo akaweka lake. Karani akaita namba, akaita tena, akatoka mwenyewe kuja kuona kulikoni.

Mkurugenzi alifika na msafara wake, binti yangu na bosi wake nyuma. Ni mtu laini, sikatai, anashika mkono wa kila mtu. Hata wangu aliushika, na hakunikumbuka. Akapelekwa kombe la kwanza, binti yangu akafunua kibao: Ghuba ya mnara. Mkurugenzi akasikiliza, nyusi zikapanda. "Hawa ni nini?" akauliza, na binti yangu akamweleza habari ya mkono mmoja wa glavu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona yule mtu anauliza swali ambalo jibu lake halijui. Aliuliza hata la pili.

Kisha wakafika kwenye lile jeupe. Binti yangu akafunua kitambaa, na nikasoma, herufi kwa herufi kama nilivyofundishwa:

Ghuba ya chini. Mbele ya bomba.

Sikuelewa mara moja. Nikakisoma tena. Hawakuniambia kwa sababu mimi huamka na kutoka nje. Kimya kile chenye pumzi ndiyo ilikuwa sauti yenyewe, ameirekodi hivyo, na shemeji kalifanya kombe lake liwe zuri kuliko yote ili kila mtu alikimbilie akute hakuna kitu.

Mkurugenzi alikuwa ameshainama. Tatata, psss. Uso wake ukafunguka kama mtu aliyesamehewa.

"Aa," akasema, akawageukia watu. "Mnasikia wenyewe? Hii ni penye bomba. Bahari iko hai, tena hapa ndiyo inalia zaidi. Wale wanaosema tumeua, nawaomba waje waweke masikio hapa." Akampigia binti yangu makofi. "Ahsante sana, mtaalamu. Umetusaidia kuliko ulivyofikiri. Hata ile kazi ya mnara sasa tutaifanya bila wasiwasi."

Binti yangu aligeuka rangi. Akaangalia kombe, akaangalia kisanduku, halafu akaniangalia mimi. Alinitazama tu kama anavyotazama kiumbe anayehangaika.

Ningeweza kunyamaza. Nitamwambia nini yule mtu, kwamba mimi, niliyemfuata kwa malalamiko mpaka mlinzi akanijua kwa jina, ndiye niliyemtafutia ushahidi wa kujisafishia? Nilikuwa nimezoea kosa kuwa kwake. Lilikuwa limekaa kwake vizuri miaka yote hiyo.

"Mkurugenzi," nikasema, "hilo kombe nimelitengeneza mimi leo asubuhi."

"Hongera, mzee. Kazi safi."

"Sikiliza kwanza. Halikuwa linalia. Nikadhani ni bovu, nikalivutia sauti ya lile la pale mwanzo. Unachosikia hapo ni ghuba ya mnara." Nikapita katikati ya msafara, nikaupenyeza mkono nyuma ya benchi, nikauinua ule waya watu wauone, nikauchomoa.

Kombe likanyamaza.

"Hiyo ndiyo ghuba ya chini," nikasema. "Hiyo hapo. Ndivyo inavyosikika."

Mkurugenzi hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama kwa huruma ya mtu mwenye dereva nje. "Mzee wangu, asubuhi halikulia ukalifanya lilie. Sasa linalia umelifanya lisilie. Sisi tuamini lipi?"

Watu wakacheka, na alikuwa na haki. Hicho ndicho kilichoniuma, kwamba mara moja alipata kuwa na haki nami ndiye niliyempa.

"Shemeji," sauti ikasema mlangoni. Alikuwa ameingia, kucha safi, kitambaa kichwani, anahema. Alikuwa ameona yote. "Wewe nilikwambia waya tu."

Ndipo yule mama mwenye mtoto mgongoni akaongea, wala hakupandisha sauti. "Hiyo ghuba ya chini si hapo nyuma, ukishuka ngazi? Kwa nini tusiende tukasikie wenyewe?"

"Namba zenu zitapita," karani akasema.

"Zipite. Zimekaa tangu asubuhi, na zenyewe zinyooshe miguu."

Binti yangu alikuwa ameshafungua mkoba wake. Ndani kuna kile kifaa wanachokiita sikio, kitu cheusi kama yai, mwishoni mwa waya mrefu. Akanitazama. "Baba, una amplifaya ya betri?"

"Ninayo."

"Ibebe."

Mkurugenzi akaangalia saa. Akawaangalia watu, nao wote walikuwa wanamwangalia yeye, na mpiga picha wake naye ameshainua kamera. Akafunga kifungo cha koti. "Twendeni," akasema, kama aliyekuwa anataka tangu mwanzo.

Sikuwa nimekanyaga zile ngazi tangu mazishi. Zimeota ukungu, bomba limelala kando yake mpaka majini, nene, limefungwa kwa saruji. Harufu siielezi. Foleni nzima ya ofisi ya maji ilishuka nyuma yetu, na karani akiwemo. Binti yangu akapiga goti kwenye ngazi ya mwisho, akateremsha sikio polepole kama mtu anayemteremsha mtoto kitandani. Nikaunganisha waya. Shemeji akasimama nyuma yangu makusudi, aone mikono yangu.

"Usiguse kitu," akaninong'oneza.

"Siwezi kuwasha bila kugusa."

"Washa, halafu iweke mikono mfukoni."

Nikawasha. Ikatoka ile pumzi. Chini yake mngurumo wa bomba, wa mbali, kama friji ya chumba cha pili. Tulisubiri. Sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakikaa kimya kwa ajili ya kitu kisicholia. Mtu aliyekohoa alitazamwa vibaya. Jamaa wa fulana ya mpira alivua kofia, sijui kwa nini. Nami nikawaza, hapa ndipo alipokuwa akizama. Maji haya haya. Alipoacha kusikia kukaanga, hakuniambia. Au aliniambia kwa kukaa pale mlangoni.

Ta.

Tukatazamana.

"Nini hiyo?" karani akauliza.

"Tumbo lako."

"Si tumbo, nimeisikia."

"Nyamazeni."

Tukanyamaza. Mkurugenzi alikuwa amechuchumaa mbele ya spika, tai yake inagusa saruji yenye ukungu, kakunja uso. Kwa muda huo sikuona cheo juu yake. Alikuwa mtu anayetaka kujua. Pumzi, mngurumo, pumzi. Mtoto mgongoni akaanza kulia, mama yake akamtikisa bila kuondoa macho majini.

Ta.

"Yuko mmoja," Mkurugenzi akasema. Lilimtoka kama neno langu lilivyonitoka siku ile, kabla hajaliangalia.

"Na kule mnara wako wangapi?" mama yule akamuuliza binti yangu.

"Hawahesabiki. Umewasikia kwenye lile la kwanza."

"Na bomba jipya linakwenda wapi?"

Mkurugenzi akainuka, magoti yakalia, akajifuta tai kwa leso. Mpiga picha alikuwa ameshusha kamera. "Mchoro wa bomba jipya bado haujapitishwa," akasema, akiwaambia watu, halafu akamgeukia binti yangu na kumwambia kwa sauti ya chini kidogo, "Hiyo taarifa yenu. Ilipelekwa kwa nani?"

"Kwako."

Akatikisa kichwa. Akapanda ngazi.

Mpaka leo ninapoandika haya mchoro haujapitishwa. Sijamshukuru mtu. Naijua ofisi ile, inaweza kuwa umepotea tu nyuma ya kabati na kesho ukaonekana. Lakini binti yangu aliitwa, akakaa naye asubuhi nzima, na anasema alimuuliza maswali mengi, mengine mazuri. Mimi nikamwambia kwamba mkurugenzi akiuliza swali zuri angalia mfuko wako. Akacheka. Kicheko kile kile.

Sauti ya siku ile alikuwa ameirekodi. Akaiweka kwenye kadi mpya, na mimi ndiye niliyekwenda kuifunga ndani ya kombe jeupe, shemeji akinisimamia kama askari wa zamu. Siku hizi ukiingia ukumbini utakuta watu wanagombea benchi hilo. Makombe mengine yanakaanga peke yao. Kwenye hili wanainama na kusubiri, na karani anaita namba mpaka anachoka, maana kila mmoja anaogopa kuondoa sikio kabla ya ile ta.

Nilipomaliza kuchomelea nikainama kujaribu. Pumzi, mngurumo. Ilikuwa chini mno. Mkono wangu ukapanda wenyewe kwenye kitufe, kuongeza kidogo, kidogo tu.

"Shemeji. Mkono."

Nikautia mfukoni. Nikalaza sikio kwenye udongo wa baridi, nikajiona jicho langu limepinda kwenye ile rangi ya chaza, na nikasubiri kama wengine wote.